Mashindano ya kirafiki ya kila mwaka ya gofu ya ridhaa: chimbuko, taratibu na wajibu wa waandaaji

Mashindano ya kirafiki ya kila mwaka ni shindano linalokutanisha makundi mawili au zaidi ya marafiki, mara moja kwa mwaka, katika tarehe iliyozoeleka, kugombea kombe moja linalohama kutoka kundi moja kwenda jingine. Hayana ligi wala kupanda na kushuka daraja, na wachezaji wake hawalipwi. Thamani yake imo katika kurudiwa: aliyeshindwa mwaka huu anajua kwamba mwakani atapata nafasi ya kulipiza, na aliyeshinda anajua kwamba kombe amelitunza tu, hajapewa liwe lake.

Wakazi wa Kata ya Gwarama, iliyomo katika Wilaya ya Kakonko iliyomegwa kutoka Wilaya ya Kibondo mwaka 2012, pamoja na majirani zao wa Kibondo na Kasulu, wanaifahamu desturi hii kupitia mabonanza ya mpira wa miguu: maveterani dhidi ya vijana, walimu dhidi ya watumishi wa afya, wafanyabiashara wa soko moja dhidi ya wa soko jingine. Gofu ni mchezo ulio mbali na macho ya wengi katika nyanda za juu za Kigoma. Hata hivyo, ni mchezo wenye kumbukumbu ndefu za maandishi kuhusu namna marafiki wanavyoweza kushindana kila mwaka bila kuvunja urafiki wao.

Jambo hilo si dogo. Mashindano mengi ya kirafiki hufa kwa sababu ambazo zingeweza kuzuiwa: upande mmoja umeleta mchezaji wa kukodi, michango haina hesabu, kombe halijulikani liko kwa nani, au matokeo ya sare yameamuliwa kwa kelele. Yanapokufa, wananchi hupoteza zaidi ya mchezo. Makala hii inaeleza mashindano ya gofu ya ridhaa yalikotoka, yanavyoendeshwa, sheria zinazoyahusu hapa nchini, na mambo ambayo kundi lolote la marafiki linaweza kuyachukua hata kama halitagusa fimbo ya gofu.

Chimbuko: kombe kwanza, kanuni baadaye

Kanuni za kale zaidi za gofu zinazojulikana ziliandikwa mwaka 1744 huko Leith, karibu na jiji la Edinburgh nchini Uskoti. Zilikuwa 13 tu na zilitosha ukurasa mmoja. Sababu ya kuandikwa kwake inastahili kukumbukwa. Kwa miaka mingi marafiki walikuwa wakicheza wao kwa wao katika uwanja wa Leith, na waliofahamiana hawakuona haja ya maandishi. Halmashauri ya Jiji la Edinburgh ilipotoa fimbo ya fedha ishindaniwe kila mwaka, na shindano likawa wazi kwa wachezaji kutoka nje ya kundi lao, ndipo ilipolazimu kukubaliana kwa maandishi: mpira uanzie umbali gani kutoka shimoni, ukiingia majini ifanyike nini, nani atangulie kupiga.

Mshindi wa mwaka huo wa kwanza alikuwa John Rattray, daktari wa upasuaji wa Edinburgh. Aliyeshinda alikuwa nahodha wa wachezaji, na jina lake linaonekana chini ya kanuni hizo 13. Mwaka uliofuata Uskoti iliingia katika uasi dhidi ya mfalme, na Rattray akawa upande wa waasi kama tabibu. Baada ya waasi kushindwa katika vita vya Culloden mwaka 1746 alikamatwa, na maisha yake yakawa hatarini. Aliyemwombea msamaha ni Duncan Forbes, jaji mkuu aliyekuwa upande wa serikali, ambaye alikuwa mwenzake katika uwanja wa gofu wa Leith. Rattray aliachiwa huru, na mwaka 1751 alishinda tena fimbo ya fedha.

Habari hiyo inaonyesha kazi mbili za mashindano ya aina hii. Kwanza, yanawalazimu watu kuandika makubaliano yao. Pili, yanajenga mahusiano kati ya watu ambao katika mambo mengine wako pande tofauti.

Makombe ya timu: Walker na Ryder

Mashindano ya makundi yalipata sura yake ya kimataifa karne ya 20. Kombe la Walker lilianza mwaka 1922 kati ya wachezaji wa ridhaa wa Marekani na wale wa Uingereza na Ireland. Kwa miaka mitatu ya mwanzo lilichezwa kila mwaka, kisha likawa la kila baada ya miaka miwili, kwa kuwa safari ya kuvuka Bahari ya Atlantiki ilikuwa ndefu na ya gharama.

Kombe la Ryder, linaloshindaniwa na wachezaji wa kulipwa, lilianza rasmi mwaka 1927 katika mji wa Worcester, Jimbo la Massachusetts. Samuel Ryder, aliyelitoa, alikuwa mfanyabiashara Mwingereza aliyepata utajiri kwa kuuza mbegu za bustani katika pakiti ndogo za bei nafuu. Alijifunza gofu akiwa mtu mzima, na alivutiwa na wazo la wachezaji wa nchi mbili kukutana na kula pamoja baada ya mchezo.

Tukio linalotajwa zaidi katika historia ya kombe hilo ni la mwaka 1969 katika uwanja wa Royal Birkdale nchini Uingereza. Mechi ya mwisho ilifika shimo la mwisho huku timu zikiwa sawa. Jack Nicklaus wa Marekani alikuwa amekwisha kuingiza mpira wake. Tony Jacklin wa Uingereza alibakiwa na pigo fupi, na kama angelikosa timu yake ingeshindwa. Nicklaus aliuokota mpira wa mpinzani wake na kumhesabia kuwa ameuingiza. Matokeo yakawa 16 kwa 16, sare ya kwanza katika historia ya kombe hilo. Nahodha wa Marekani, Sam Snead, hakufurahishwa. Hata hivyo Marekani ilibaki na kombe, kwa sababu kanuni ilikuwa imeandikwa tangu awali kwamba timu zikitoka sare, kombe linabaki kwa anayelishikilia.

Ukarimu wa Nicklaus uliwezekana kwa sababu kanuni zilikuwa wazi. Kila mtu uwanjani alijua kwamba kumhesabia mpinzani pigo kunaruhusiwa, na kila mtu alijua sare ina maana gani.

Gofu ya ridhaa Afrika Mashariki na Tanzania

Katika Afrika Mashariki gofu iliingia na utawala wa kikoloni. Uwanja wa Entebbe nchini Uganda ulianza mwaka 1901, na klabu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906. Kwa miongo mingi milango ya klabu hizo ilikuwa imefungwa kwa Waafrika, isipokuwa waliobeba mifuko ya fimbo na kutunza nyasi. Baada ya uhuru hali ilibadilika hatua kwa hatua, na wachezaji wengi mashuhuri wa ukanda huu walijifunzia mchezo wakiwa wabeba mifuko.

Mashindano ya makundi yana mizizi katika ukanda huu. Jijini Nairobi, Ngao ya Tannahill imekuwa ikikutanisha timu za klabu mbalimbali wakati wa Pasaka tangu miaka ya 1920. Kenya na Uganda hushindania Kombe la Victoria, ambalo wachezaji wake ni wa ridhaa na muundo wake unafanana na ule wa Kombe la Ryder. Lipo pia Kombe la Changamoto la Afrika Mashariki, ambalo hukutanisha timu za taifa za ridhaa za nchi za ukanda huu, Tanzania ikiwemo.

Hapa nchini mchezo unasimamiwa na Chama cha Gofu Tanzania (TGU) na Chama cha Gofu cha Wanawake Tanzania (TLGU). Viwanja vinavyojulikana zaidi ni vya klabu za Gymkhana za Dar es Salaam, Arusha na Morogoro, uwanja wa Moshi, na uwanja wa Lugalo jijini Dar es Salaam unaomilikiwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Viko vingine katika maeneo ya mashamba makubwa, kama vile mashamba ya miwa ya TPC mkoani Kilimanjaro na mashamba ya chai ya Mufindi. Katika uwanja wa Lugalo huchezwa Kombe la Mkuu wa Majeshi pamoja na Kombe la Waitara, lililopewa jina la Jenerali George Waitara, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi mstaafu.

Msafiri anayetoka Gwarama ana safari ndefu kuvifikia viwanja hivyo. Lakini utaratibu unaotumika humo unaweza kusafiri kwa urahisi zaidi kuliko nyasi zake.

Hendikapu: namna wasiolingana wanavyolinganishwa

Katika michezo mingi, fundi na anayejifunza hawawezi kushindana kwa haki. Gofu imelitatua tatizo hilo kwa kutumia hendikapu, yaani idadi ya mikwaju ambayo mchezaji wa kiwango cha chini anapunguziwa ili alingane na mwenzake. Tangu mwaka 2020 upo mfumo mmoja wa dunia uliochukua nafasi ya mifumo sita iliyokuwa ikitumika awali.

Mchezaji mpya anahitaji kuwasilisha kadi za matokeo zenye jumla ya mashimo 54 ili apewe hendikapu yake ya kwanza. Akishacheza mizunguko 20, hesabu hutumia wastani wa mizunguko 8 iliyo bora kati ya hiyo. Kiwango cha juu kabisa cha hendikapu ni 54. Kwa kuwa viwanja havilingani kwa ugumu, hendikapu hiyo hurekebishwa kulingana na uwanja unaochezewa siku hiyo.

Chukua mfano wa wachezaji wawili. Wa kwanza ana hendikapu ya uwanja ya 8, na wa pili ana 20. Tofauti yao ni 12. Mashimo yote 18 yamepangwa kwa ugumu kuanzia namba 1, lililo gumu kuliko yote, hadi namba 18, lililo rahisi kuliko yote. Mchezaji wa pili anapunguziwa mkwaju mmoja katika kila shimo kati ya yale 12 magumu zaidi. Wakifika shimo la ugumu namba 7, wa kwanza akatumia mikwaju 5 na wa pili 6, wa pili anapunguziwa mmoja na kubaki na 5: shimo hilo ni sare. Wakifika shimo la ugumu namba 14 na matokeo yakawa yaleyale, hakuna punguzo, na wa kwanza ameshinda shimo.

Mfumo huu unategemea ukweli wa mchezaji mwenyewe. Anayeficha kadi zake nzuri ili hendikapu yake ibaki kubwa anawadhulumu wenzake kabla mchezo haujaanza. Ndiyo maana kila kadi husainiwa na mchezaji pamoja na mwenzake aliyemhesabia, na kamati ya klabu ina mamlaka ya kurekebisha hendikapu isiyolingana na uwezo unaoonekana.

Namna ya kuhesabu ushindi

Zipo namna mbili kuu za kucheza gofu. Ya kwanza ni kuhesabu mikwaju yote ya mzunguko mzima, na mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Ya pili ni mchezo wa shimo kwa shimo, ambapo kila shimo ni pambano dogo linalojitegemea. Mchezaji aliyetumia mikwaju 10 katika shimo moja amepoteza shimo hilo moja tu, na anaanza upya katika shimo linalofuata.

Mashindano ya makundi ya marafiki hutumia zaidi namna ya pili. Matokeo hutangazwa kwa tarakimu mbili: ushindi wa "3 na 2" una maana kwamba mshindi anaongoza kwa mashimo matatu wakati yamebaki mawili tu, kwa hiyo mwenzake hawezi tena kumfikia. Mchezo huishia hapo.

Katika mchezo wa shimo kwa shimo mchezaji anaruhusiwa kumhesabia mpinzani pigo linalofuata, au shimo lote, au hata mechi nzima. Akishatamka hivyo, hawezi kubatilisha, na mpinzani hawezi kukataa. Ruhusa hiyo haipo pale mikwaju yote inapohesabiwa, kwa sababu huko matokeo ya wawili hao yanawagusa washiriki wengine wote.

Wachezaji wanaweza kupangwa katika mitindo mitatu. Mtindo wa mmoja kwa mmoja unaeleweka bila maelezo. Mtindo wa mipira minne ni wa wawili dhidi ya wawili, kila mmoja akicheza mpira wake, na matokeo ya aliye bora katika kila upande ndiyo yanayohesabiwa. Mtindo wa mpira mmoja kwa jozi ni ule ambao wenza wawili hupokezana kupiga mpira mmoja hadi uingie shimoni. Mtindo huu wa mwisho unahitaji uvumilivu, kwa kuwa kosa la mmoja linasahihishwa na mwenzake.

Mfano wa shindano la siku moja

Makundi mawili yenye wachezaji 8 kila moja yanaweza kumaliza shindano kwa siku moja. Asubuhi huchezwa mechi 4 za jozi kwa jozi, na mchana mechi 8 za mmoja kwa mmoja. Kila mechi ina pointi moja, na sare ni nusu pointi kwa kila upande. Jumla ni pointi 12. Kundi linalogombea kombe linahitaji pointi 6 na nusu kulichukua. Kundi linalolishikilia linahitaji pointi 6 tu kubaki nalo.

Siku yenye watu wengi hupunguziwa mzigo kwa kucheza mashimo 9 badala ya 18, na kanuni zinaruhusu mzunguko wenye mashimo pungufu ya 18. Mchezaji anayetembea mashimo yote 18 hupita umbali wa takribani kilomita 7 hadi 10, hivyo maji ya kunywa, kivuli na huduma ya kwanza ni sehemu ya maandalizi.

Nahodha wa kila kundi hukabidhi orodha ya majina kabla ya mchezo, kila mmoja bila kuiona ya mwenzake. Mpango huo huzuia ulaghai wa kuwapanga mafundi dhidi ya wachezaji dhaifu wa upande wa pili.

Zawadi na hadhi ya ridhaa

Mchezaji wa ridhaa ni yule anayecheza kwa kupenda mchezo. Kanuni za Hadhi ya Ridhaa zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022 zinaweka ukomo wa thamani ya zawadi anayoweza kupokea: dola 1,000 za Marekani, au pauni 700 za Uingereza. Katika mashindano yanayotumia hendikapu, hapaswi kupokea zawadi ya fedha taslimu kwa matokeo yake. Anaweza kupokea kikombe, vifaa au vitu vingine ndani ya ukomo huo. Anayezidisha anaweza kupoteza hadhi yake ya ridhaa.

Hekima ya kanuni hizi inahusu pia michezo mingine. Zawadi inapokuwa kubwa kuliko shindano, watu huanza kutafuta wachezaji wa kukodi, na makundi ya marafiki hugeuka timu za kupangishwa. Ng'ombe mmoja anayechinjwa na kuliwa na pande zote mbili hulinda shindano kuliko bahasha inayokwenda upande mmoja.

Waandaaji wanapaswa pia kutenganisha mchango wa kuendesha shindano na kamari. Hapa nchini michezo ya kubahatisha inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41. Kuendesha shughuli ya ubashiri wa matokeo kunahitaji leseni. Mchango wa chakula, usafiri na kombe hauhusiani na ubashiri, mradi utumike kwa kazi iliyotajwa na hesabu zake zisomwe mbele ya waliochanga.

Nani anakaribishwa

Kundi la marafiki lina haki ya kuchagua wanachama wake, lakini uchaguzi huo una matokeo. Wachezaji wa Leith walioandika kanuni za mwaka 1744 ndio chimbuko la klabu ambayo leo iko Muirfield, Uskoti. Kwa zaidi ya karne mbili na nusu klabu hiyo ilikuwa ya wanaume peke yao. Mei 2016 wanachama walipiga kura kuhusu kuwakaribisha wanawake, na theluthi mbili iliyohitajika haikupatikana. Mara moja wasimamizi wa mashindano makubwa ya Uingereza walitangaza kwamba hayatachezwa tena Muirfield. Machi 2017 kura ilirudiwa na mabadiliko yakapita. Mwaka 2022 uwanja huo ulikuwa mwenyeji wa mashindano makubwa ya wanawake ya Uingereza.

Waandaaji wa mashindano ya kirafiki hapa nchini wanahimizwa kuweka nafasi ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu tangu mwanzo. Hendikapu imekwisha kuonyesha kwamba tofauti ya uwezo haizuii ushindani wa haki. Kinachohitajika ni kukubaliana mapema juu ya namna ya kuipima.

Usajili na usimamizi wa kisheria

Baraza la Michezo la Taifa (BMT) lilianzishwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967. Sheria hiyo inaweka utaratibu wa usajili wa vyama na vilabu vya michezo, kupitia ofisi ya Msajili. Marafiki wanaokutana kucheza siku moja na kuagana hawajawa klabu. Lakini kundi linapokuwa na jina, uongozi, wanachama, michango ya kudumu na shindano la kila mwaka, linapaswa kujua kwamba limekaribia au limeingia katika eneo linalosimamiwa na sheria hiyo.

Hatua ya kwanza ni kufika kwa afisa michezo wa halmashauri husika. Kwa wakazi wa Gwarama, ofisi hiyo ni ya Halmashauri ya Wilaya ya Kakonko. Walioko Kibondo na Kasulu wana halmashauri zao. Afisa huyo ndiye atakayeeleza mahitaji ya usajili, ikiwemo katiba ya klabu, orodha ya wanachama waanzilishi na muhtasari wa kikao kilichokubali kuanzisha klabu, pamoja na ada zinazotumika kwa wakati huo.

Faida za usajili zinaonekana wakati wa shida. Klabu iliyosajiliwa inaweza kufungua akaunti ya benki kwa jina lake, kuomba matumizi ya uwanja wa umma kwa barua inayotambulika, na kufuata njia halali ya kutatua mgogoro wa uongozi. Klabu isiyo na katiba hubaki mali ya mwenye sauti kubwa.

Ardhi ya kuchezea nayo inahitaji uangalifu. Uwanja kamili wa gofu wenye mashimo 18 huchukua makumi ya hekta, wakati uwanja mmoja wa mpira wa miguu hauzidi sana hekta moja. Kundi lolote linalokusudia kutenga eneo la michezo, kubwa au dogo, linapaswa kwanza kupata ridhaa ya mamlaka ya kijiji na halmashauri. Malisho, mashamba na vyanzo vya maji havitwaliwi kwa makubaliano ya mdomo.

Makubaliano ya maandishi: mambo ya lazima

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Shindano la kila mwaka nalo ni mali ya pamoja. Makundi mawili yanayotaka shindano lao lidumu yanashauriwa kuandika na kusaini waraka mfupi wenye mambo yafuatayo:

1. Jina la shindano, makundi yanayoshiriki, na tarehe au juma litakalotumika kila mwaka.

2. Sifa za mchezaji: ukaazi, umri au uanachama, na muda anaopaswa kuwa katika kundi kabla ya kuruhusiwa kucheza.

3. Zamu ya uenyeji, na nani anagharamia usafiri, chakula na mwamuzi.

4. Kanuni za mchezo zitakazofuatwa, na namna ya kuwalinganisha wachezaji wasiolingana.

5. Maana ya sare, na nani anabaki na kombe.

6. Mahali kombe linapohifadhiwa, jina la anayelitunza, na hatua zitakazochukuliwa likipotea au kuharibika.

7. Thamani ya juu ya zawadi, na katazo la kamari.

8. Watu watatu wanaoaminiwa na pande zote watakaosikiliza malalamiko, na muda wa kuyawasilisha.

9. Usomaji wa mapato na matumizi, siku ileile au ndani ya siku chache baada ya shindano.

10. Sababu zinazoweza kuahirisha shindano, kama vile msiba, mlipuko wa ugonjwa au mvua kubwa, na tarehe ya akiba.

Waraka huo unatosha ukurasa mmoja, kama zilivyotosha kanuni 13 za Leith. Nakala moja ibaki kwa kila kundi, na nyingine ipelekwe kwa ofisa mtendaji wa kijiji au kata ambako shindano linafanyika, ili atoe ushauri wa ulinzi na usalama mapema.

Matumizi katika michezo mingine

Utaratibu wa gofu unaweza kutumika katika michezo ambayo tayari ina mizizi katika wilaya za Kakonko, Kibondo na Kasulu. Katika bao au draft, fundi anaweza kukutana na anayejifunza kwa kumpa mwenzake faida iliyokubaliwa kabla ya mchezo. Katika mbio, mwenye umri mkubwa anaweza kutangulizwa mita kadhaa. Katika mpira wa miguu wa maveterani, makundi yanaweza kukubaliana idadi ya wachezaji wa chini ya umri fulani. Pointi za mechi kadhaa ndogo zinaweza kujumlishwa kuwa kombe moja: mpira wa miguu, netiboli, kuvuta kamba na bao, kila mchezo ukiwa na pointi yake. Watumishi wa umma wanaifahamu sura hiyo kupitia michezo ya SHIMIWI, ambapo wizara, idara na taasisi hushindana katika michezo mingi kwa wakati mmoja.

Mambo matatu ndiyo yanayobaki yaleyale katika kila mchezo: wasiolingana walinganishwe kwa kipimo kilichokubaliwa, matokeo yaandikwe na kusainiwa na pande zote, na kombe liwe na mwenyewe wa mwaka mmoja tu. Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini ni rahisi zaidi kukubali kushindwa pale kanuni zilipojulikana kabla ya mchezo na pale nafasi ya kurudi mwakani ilipo ya uhakika.

Wananchi wanaohitaji ufafanuzi kuhusu usajili wa klabu za michezo, matumizi ya viwanja vya umma au kibali cha kukusanyika wanaelekezwa kufika katika ofisi ya afisa michezo wa halmashauri yao, au kwa mtendaji wa kata, katika saa za kazi.